Anayeuguza Mtoto Naye Yumo Kwenye Hesabu

Kati ya mwaka 2005 na 2010, Korogwe, mkoani Tanga, ilikuwa kimojawapo cha vituo 11, katika nchi tisa za Afrika, vilivyoshiriki jaribio la dawa lililobadili namna watoto wetu wanavyotibiwa malaria kali. Watoto 5,425 waliingizwa katika jaribio hilo. Nusu wakapewa kwinini, nusu artesuneti. Katika kundi la kwinini walifariki asilimia 10.9, katika kundi la artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata wachumi wa afya nao wakatoa hesabu yao. Walichukua vituo vinne kati ya vile 11, wakaorodhesha dawa, vipimo vya maabara, maji ya dripu na siku za kulazwa kwa watoto 2,300, wakakuta kwamba kumtibu mtoto mmoja kwa kwinini kunagharimu dola 63.5 na kwa artesuneti dola 66.5. Kifo kimoja zaidi kilichozuiwa kiligharimu dola 123. Ni kazi makini, na ilitoka mwaka ule ule ambao Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake na kuitanguliza artesuneti kwa watoto.

Asiyeonekana katika orodha ile ni mtu aliyekaa kando ya kitanda. Kwinini ya dripu huingizwa taratibu, saa nne hivi kwa dozi ya kwanza, kisha hurudiwa kila baada ya saa nane, usiku na mchana. Mtoto wa miaka miwili huwezi kumwambia atulie saa nne. Lazima pawe na mtu wa kuushika ule mkono wenye kanula usiku kucha, wa kuangalia matone yasiende mbio, wa kumwita nesi chupa ikikaribia kuisha. Artesuneti ni sindano ya dakika chache: ya kwanza mtoto anapopokelewa, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, kisha moja kwa siku. Kwa hospitali, tofauti ya matibabu haya mawili ni dola tatu. Kwa mama, tofauti ni kulala au kukesha.

Hoja za kumwacha mama huyu nje ya hesabu ni nyingi, na nimezisikia kwa maofisa wa afya, kwa watafiti, hata kwa akina mama wenyewe. Nyingine hazina uzito, nyingine zina ukweli unaopaswa kukubaliwa. Nazijibu moja moja, nikiwa na wilaya za Handeni na Korogwe mbele ya macho, kwa sababu hapo ndipo ninapoona jinsi zinavyoshindwa.

"Matibabu ya watoto chini ya miaka mitano ni bure."

Hii husemwa haraka na kwa nia njema. Sera ya msamaha ipo kweli: mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kulipa katika kituo cha serikali, kama asivyotakiwa kulipa mjamzito. Lakini kinachosamehewa ni kile kinacholipwa dirishani. Safari haisamehewi, chakula hakisamehewi, na dawa ikikosekana kwenye stoo ya hospitali, duka la nje halijui habari ya msamaha.

Chukua mtoto aliyeanza homa kijijini Kwamsisi. Usiku wa kwanza anapewa panado na kupanguswa kwa maji. Asubuhi anapelekwa zahanati, anapimwa, anaandikiwa dawa. Jioni anatapika, anaanza kutetemeka, mzee mmoja anasema hii si ya kusubiri. Hapo inatafutwa bodaboda, na bei ya usiku si bei ya mchana. Lami ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, na ile ya Handeni hadi Mkata, kilomita 54, zimeokoa maisha ya watu wengi, lakini zinamfaa aliyekwisha kuifikia lami. Kilomita ghali ni zile za kutoka ndani hadi barabarani, na huendeshwa kwa fedha taslimu, mkononi, kabla ya kupanda.

Wakishalazwa, hospitali inatoa kitanda na dawa. Uji wa mtoto, ugali wa mama, sabuni, ndoo, kanga ya kubadilisha, vyote vinatoka kwa ndugu. Asiye na ndugu mjini anakula kwa mama lishe wa getini. Kadi ya bima ya CHF iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ikitolewa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, hulipia matibabu. Hailipii nauli wala chakula cha anayeuguza. Ndiyo maana kuna wazazi wanaorudi nyumbani na mtoto aliyepona pamoja na deni, na siku hizi deni hilo mara nyingi ni la kausha damu, la kurejeshwa kila siku kuanzia kesho yake.

Kwa hiyo anayesema matibabu ni bure anasema kweli kuhusu dirisha la malipo tu. Tathmini inayoishia hapo dirishani itaripoti kwamba familia imetumia sifuri, na sifuri hiyo itapelekwa kwenye meza ya uamuzi kana kwamba ilipimwa.

"Mama wa kijijini hana ajira, kwa hiyo muda wake hauna bei."

Hii ndiyo hoja iliyofanya madhara makubwa kuliko zote, maana imevaa nguo za kitaalamu. Husemwa hivi: gharama ya muda ni mshahara unaopotea, mama huyu hana mshahara, basi hakuna kilichopotea.

Tuiangalie Handeni wakati wa masika. Mvua zinashuka kati ya Machi na Mei, na mbu hufuata mvua. Malaria inapanda wiki zile zile ambazo magugu nayo yanapanda katika mahindi. Mama anayekaa wodini siku tano wakati wa palizi hajapoteza siku tano tu. Shamba lililokosa jembe kwa wiki moja wakati huo linapunguza mavuno ya msimu mzima, na upungufu huo utaonekana miezi mingi baadaye ghala litakapoisha kabla ya wakati, wakati ambapo hakuna mtafiti anayekumbuka kwamba mtoto aliugua. Ukichukua wastani wa kipato cha mwaka ukaugawa kwa siku 365, kisha ukazidisha kwa tano, utakuwa umeandika tarakimu isiyohusiana na kilichotokea katika shamba lile.

Wala si kweli kwamba hawafanyi kazi ya fedha. Wapo wanaoanika singa katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, ambao wasipofika hawana ujira wa siku hiyo. Wapo wanaouza machungwa pale Segera mabasi yanaposimama, ambao bidhaa yao haimsubiri mtoto apone. Wapo wanaokwenda kibarua cha kulima kwa jirani na kulipwa kwa debe la mahindi. Hakuna kati ya hao mwenye hati ya mshahara ya kumwonyesha mchumi, lakini wote wana kitu kinachoharibika wasipokuwepo.

Kisha kuna kazi ya nyumbani, ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenyewe imeanza kuihesabu. Tafiti za nguvukazi za mwaka 2014 na 2020/21 ziliwauliza watu saa zao za siku zinakwenda wapi, na zikaonyesha wanawake wanabeba sehemu kubwa zaidi ya kazi isiyolipwa ya kutunza kaya kuliko wanaume. Kwa Handeni, sehemu ya kazi hiyo ina jina moja: maji. Mradi wa HTM umekuwa ukivuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe kuyapeleka Handeni tangu miaka ya 1970, na bado kiu ya wilaya hiyo inajulikana mkoa mzima. Mama akiwa hospitali, ndoo haijijazi yenyewe. Anayeichukua ni binti wa darasa la tano au la sita, na wiki hiyo hayupo shuleni. Bibi naye aliyekwisha kustaafu majembe anarudi kuwapikia wajukuu. Baba, kama yupo, anauza mbuzi aliyekuwa amemwekea kusudi lingine. Ugonjwa wa mtoto mmoja umewagusa watu watano, na tathmini imemwona mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo yeyote aliyewahi kulala wodi ya watoto analijua. Mama pale si mgeni anayesubiri. Ndiye anayenywesha ORS kijiko baada ya kijiko, akingoja dakika chache mtoto asitapike, kisha kijiko kingine. Ndiye anayepangusa homa, anayepeleka sampuli maabara na kurudi kuuliza majibu, anayetambua wa kwanza kwamba macho ya mtoto yamegeuka na degedege linaanza, akapiga kelele. Nesi mmoja wa zamu ya usiku ana wodi nzima. Akina mama wote wakiondoka kwa usiku mmoja tu, wodi haiendeshwi. Ukitaka kujua bei ya muda wao, uliza ingegharimu kiasi gani kuajiri watu wa kufanya kazi hiyo. Hiyo ni njia inayokubalika kabisa katika fani ya uchumi wa afya, sambamba na njia ya kuuliza mtu angepata nini kama angekuwa kwenye shughuli zake. Na kama zote mbili zinaleta ubishi, basi ziandikwe saa zenyewe bila kuzipa bei. Saa 120 za mama kando ya kitanda ni taarifa. Sifuri si taarifa.

"Kulea ni wajibu wa mzazi na ni baraka. Huwezi kuuita gharama."

Hii haitoki kwa wachumi. Inatoka kwetu, na akina mama wengi wataisema kabla hujamaliza kuuliza swali: mwanangu, ningefanyaje? Naiheshimu, na sina nia ya kumwambia mama yeyote kwamba mtoto wake ni hasara.

Lakini wajibu na gharama havigombani. Mkulima ana wajibu wa kulisha watoto wake, na mbegu bado ina bei. Daktari ana wajibu wa kutibu, na mshahara wake umo kwenye tathmini tangu mstari wa kwanza. Hakuna aliyewahi kusema tuufute kwa kuwa udaktari ni wito. Kwa nini upendo wa mama utumike kumfutia kile ambacho wito wa daktari haukumfutia? Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hoja hii inauona mzigo mwepesi kwa sababu anayeisema si yeye aliyejitwika.

Na upendo ule ule ndio unaoumia. Wazazi wanaokaa wiki kadhaa na mtoto mahututi hawatoki salama. Hawali vizuri, hawalali, wengine wanaumwa wenyewe na hawasemi kwa kuwa hakuna kitanda cha wawili. Mjamzito anayeuguza mtoto wake mdogo analala sakafuni juu ya kanga. Haya ni madhara ya afya, si hisia tu, na yanastahili kupimwa kama madhara mengine ya afya.

"Mambo haya hayapimiki."

Yamekwisha kupimwa. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliokokotoa gharama za malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika Ghana, Kenya na Tanzania, ukijumlisha mzigo wa mfumo wa afya na mzigo wa kaya. Kwa Tanzania ulifika dola milioni 131.9 kwa mwaka 2009. Unaweza kubishana na makadirio yake, kama makadirio yoyote. Huwezi kusema haikuwezekana.

Nje ya kwetu, taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoamua dawa zipi zilipiwe na huduma yao ya taifa, inaelekeza katika mwongozo wake kwamba madhara ya afya kwa walezi yaangaliwe pale yanapohusika. Wachambuzi wa huko walipoitathmini upya chanjo ya meningitisi B, matokeo yakatoka 2014, waliingiza katika hesabu afya inayopotea kwa watu wa familia ya mtoto aliyeachwa na ulemavu. Marekani, jopo la wataalamu lililotoa mapendekezo yake mwaka 2016 lilitaka kila tathmini iwe na hesabu mbili, moja ya sekta ya afya na nyingine ya jamii nzima, pamoja na jedwali la kuonyesha ni athari zipi zimeingia na zipi zimeachwa. Hilo la mwisho nalipenda zaidi. Anayeamua kumwacha mama nje atalazimika kuandika kwamba amemwacha.

"Mkiihesabu familia, mnahesabu kitu kimoja mara mbili."

Hapa hoja ina mashiko kiasi. Mtoto wa miaka miwili haulizwi hali yake, anaulizwa mama. Mama akijibu, uchungu wake mwenyewe unaweza kuingia katika jibu la mtoto. Ukiandika tena uchungu huo kwenye safu ya mama, umeuandika mara mbili. Vilevile ukihesabu mahindi yaliyopotea na ukahesabu pia njaa iliyotokana na mahindi hayo, umepita njia ile ile mara mbili.

Dawa yake inajulikana: safu zitenganishwe. Afya ya mtoto huku, afya ya anayeuguza kule, saa na fedha za kaya mahali pake, na jumla itolewe kwa uwazi ili msomaji aone ingekuwaje bila safu fulani. Hatari ya kuhesabu mara mbili ni sababu ya kuhesabu kwa uangalifu. Haijawahi kuwa sababu ya kutohesabu hata mara moja.

"Hata mkimhesabu mama, uamuzi haubadiliki. Artesuneti ingeshinda vilevile."

Kwa artesuneti, ndiyo. Dawa inayookoa maisha zaidi kwa dola tatu za nyongeza ingeshinda kwa kipimo chochote, na kumwongeza mama kungeipa ushindi mkubwa zaidi. Mfano huo nimeuanza nao kwa sababu unaonyesha wazi nani ameachwa, ingawa hauonyeshi madhara ya kumwacha. Madhara yapo kwingine.

Yapo kwenye chanjo. Korogwe ilikuwa pia kituo cha jaribio la mwisho la chanjo ya malaria ya RTS,S, pamoja na Bagamoyo kwa upande wa Tanzania, kuanzia 2009 hadi 2014. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki katika nchi saba. Kati ya walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne, kila watoto 1,000 waliepushwa matukio 1,774 ya malaria katika takribani miaka minne. Soma tarakimu hiyo kwa jicho la mama: matukio 1,774 ni mara 1,774 ambazo mtu hakuacha palizi, hakutafuta bodaboda usiku, hakukopa. Tathmini ya sekta ya afya inaona dozi za dawa mseto zilizookolewa na vitanda vilivyobaki wazi.

Lakini sikiliza upande wa pili, maana ni hapa ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wanaotetea jambo hili. Wastani ule ulitoka katika vituo vyote, na matukio yaliyoepushwa yalitofautiana sana kati ya kituo na kituo. Korogwe malaria ilikuwa imekwisha kushuka sana: katika vijiji vya tambarare vilivyofuatiliwa na watafiti, watoto waliokutwa na vimelea walipungua kutoka asilimia 78.4 mwaka 2003 hadi asilimia 13 mwaka 2008. Mahali malaria imeshuka, chanjo inaepusha matukio machache. Na chanjo yenyewe inadai safari. Ratiba yetu ya kawaida ina wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18. Dozi za chanjo ya malaria za mwezi wa 5, wa 6 na wa 7 ni safari tatu mpya kwa mama, mtoto mgongoni, siku ya kazi imekwenda. Katika kijiji chenye malaria kali safari hizo zinajilipa mara nyingi. Katika kijiji cha milimani ambako malaria imebaki kidogo, huenda hesabu ikawa nyembamba, na pengine jibu sahihi likawa kuifikisha chanjo karibu zaidi na kaya au kuzipanga dozi pamoja na huduma nyingine. Kumhesabu mama si hila ya kufanya kila kitu kionekane nafuu. Kuna mara itaonyesha kwamba mpango uliosifiwa kwa kubana matumizi ulibana ya hospitali na kuyahamishia kwa kaya.

Yapo zaidi kwenye magonjwa yasiyoisha kwa wiki. Utafiti uliofanyika Kampala na kutolewa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo. Miaka miwili baadaye, asilimia 26 walikuwa na upungufu wa kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza. Mtoto kama huyo hahitaji dawa nyingi, kwa hiyo mfumo wa afya unamwona ana gharama ndogo. Anayemlisha, anayemsubiri, anayerudia naye neno moja kwa mwezi mzima ni mtu wa nyumbani. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na kila anayeishi na selimundu ana mtu anayelala macho naye maumivu yanapoanza. Ukiilinganisha dawa ya haidroksiyurea na gharama ya kulaza tu, unaiona ni ghali. Ongeza mikesha, safari za kutoka Handeni hadi hospitali ya Bombo mjini Tanga, siku za shule za ndugu zake, kisha urudi kuangalia tena. Kuhusu mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yule anayebebwa mgongoni hadi anafikia urefu wa nusu ya mama yake, mgongo wa mama ndio kifaa tiba kinachotumika kila siku, na hakuna anayekihesabu kinachakaa lini. Kwamkono, kule Handeni, ambako hospitali ya Mtakatifu Francis kwa miaka mingi imewapokea watoto wenye ulemavu wa viungo, swali hili halihitaji kuelezwa.

Kuna namna ya tatu ya madhara hayo, ambayo hutokea kimyakimya. Mtaalamu analinganisha kumlaza mtoto siku tano na kumruhusu siku ya pili amalizie matibabu nyumbani. Katika hesabu ya hospitali, kumruhusu kunashinda daima. Pengine kweli ni bora, hata mama angechagua hivyo. Lakini kama kila siku anatakiwa amrudishe kwa sindano, na nyumbani ni kilomita 20 kutoka kituoni, basi kilichoandikwa kuwa akiba ni nauli ya mtu mwingine.

"Mtawapendelea watoto wenye familia kubwa. Yatima atafanyaje?"

Hoja hii ndiyo pekee inayonisumbua, na anayeileta ana haki. Kama thamani ya kumtibu mtoto inaongezeka kwa kila ndugu anayehuzunika, basi mtoto mwenye ndugu kumi anazidi mwenye bibi mmoja, na asiye na mtu anabaki mwisho. Hilo halikubaliki, na tathmini yoyote inayopanga foleni ya watoto kwa wingi wa ndugu zao itupwe.

Ila hakuna ulazima wa kufanya hivyo. Tathmini hailinganishi mtoto huyu na yule; inalinganisha dawa na dawa, huduma na huduma. Hutumika wastani wa mzigo wa uuguzaji kwa kila ugonjwa, na wastani huo unatumika sawa kwa kila mtoto mwenye ugonjwa huo, awe na watu kumi au hana. Tena, yatima wa Handeni si mtoto asiye na anayemuuguza. Analelewa na bibi, na bibi huyo ndiye mwenye nguvu chache, fedha chache, na umbali ule ule wa kwenda hospitali. Hesabu ya sasa haimwoni kabisa. Ikifanywa vizuri, hesabu mpya itaonyesha kwamba mzigo mzito zaidi uko kwake, na huenda yeye ndiye atakayefaidika kwanza.

"Serikali haina fedha za kuwalipa akina mama."

Hakuna aliyeomba mshahara. Kuhesabu ni jambo moja, kulipa ni jingine. Na sasa ndio wakati wa kuhesabu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kitita cha huduma lazima kiamuliwe kwa kupima kipi kinaleta faida kwa gharama gani. Wizara ya Afya ina kamati ya kutathmini teknolojia za afya inayotakiwa kufanya upimaji wa aina hiyo. Kinachoingia leo kama sifuri kitabaki sifuri katika kitita kwa miaka mingi.

Hata kwenye kinga ni vivyo hivyo. Handeni na Kilindi, watafiti wa taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, wamejaribu kuwapa wanafunzi wa shule za msingi dawa kinga ya malaria wakiwa shuleni. Katika mipango ya namna hiyo, saa za mwalimu anayegawa vidonge ni rahisi kuhesabu kwa kuwa ana mshahara. Saa za mama ambaye safari hii hakuitwa shuleni kumchukua mtoto mwenye homa ziko upande wa pili wa mizani ile ile, na zinastahili safu yake.

Kumhesabu mama hakuhitaji mradi mpya wala mfadhili. Tafiti zinazopita Korogwe na Handeni tayari zina dodoso, zina wahojaji wanaojua Kizigua na Kisambaa, zina kaya zilizokubali kuulizwa. Yaongezwe maswali matano: nani amekuja na mtoto; amelala hapa usiku ngapi; kazi gani imesimama nyumbani; nani amekosa shule; na fedha ya kufika hapa imetoka wapi. Karani wa mapokezi tayari humwuliza mama jina lake anapomsajili mtoto. Maswali hayo yafuate papo hapo.